Shefu, andika PV: tutajieleza mbele ya juji



Kama uko Lubumbashi, Kolwezi, Kalemie, Kindu ao Bukavu, hii mambo unaijua bila kuelezwa. Filimbi inalia. Polisi wa barabara anasimama mbele ya pikipiki, na mbele hata aseme kosa ni nini, kifungulo kiko tayari ndani ya mukono wake. Kisha anaanza: "Papa, makosa yako ni tatu. Tukifika kwa biro utalipa mingi. Heri tuongee hapa." Unatoa 5 000 ao 10 000, anakurudishia kifungulo, unaenda. Hakuna karatasi. Hakuna jina. Hata kosa lenyewe halipo tena. Kesho asubuhi, kwa njia panda ileile, filimbi inalia tena.

Tumezoea. Tunaiita matabishi, tunaiita feza ya mayi, tunacheka, maisha inaendelea. Leo tunataka kuongea juu ya mutu mumoja aliyekataa kuzoea, na juu ya kile kilichomupata, kizuri na kibaya. Hatutaficha kitu.

Mwenzetu huyu ni motari. Hatutaji jina lake, wala kituo cha polisi, wala tribinali, kwa sababu yeye angali anapita kwa barabara ileile kila siku kutafuta chakula. Walimusimamisha saa kumi na moja ya jioni. Walimuambia amepita taa nyekundu. Kwa ile njia panda nguzo ya taa iko, ndiyo, lakini taa zenyewe zilikuwa zimezimika tangu wiki nyingi, na kila mutu wa kartie anajua. Wakaomba karatasi. Asiranse yake ilikuwa imeisha tangu siku kumi na mbili. Hapo polisi akafurahi: "Unaona? Makosa mbili. Toa 20 000 uende."

Mwenzetu akajibu kwa heshima: "Shefu, kama niko na kosa, andika PV. Nitajieleza mbele ya juji."

Watu waliokuwa pale walicheka. Polisi hakucheka. Pikipiki ikapelekwa kwa kituo, ikawekwa nyuma ya nyumba pamoja na zingine. Siku hiyo PV haikuandikwa. Iliandikwa kesho yake, kisha wawili wetu kufika na barua ya ukurasa mumoja, nakala mbili, tukaomba nakala moja igongwe muhuri ya kupokea. Hapo njo OPJ akakamata kalamu.

OPJ akamupa hesabu ya amande kwa makosa yote mbili pamoja. Mwenzetu akasema: "Ya asiranse ninakubali, ni kosa yangu, nitalipa. Ya taa sikubali." Wakamujibu kwamba ni kulipa yote ao kuacha yote. Akaacha yote. Dosie ikaenda kwa parke.

Siku tisa pikipiki ilikaa ndani. Pikipiki si yake. Mwenyewe alikuwa amemuambia wazi: siku ya kumi nitaipatia mutu mwingine. Siku ya tisa, kisha mwenzetu kununua asiranse mupya na kuleta karatasi yake, majistra wa parke akaruhusu pikipiki itoke. Wiki sita nyuma, tarehe ya tribinali ikafika.

Juji aliuliza swali fupi: taa ilikuwa inawaka? PV ilikuwa inasema tu kwamba "amepita taa nyekundu", bila hata kuonyesha saa. Polisi aliyeiandika hakufika. Mama wawili wanaouzisha ndizi pale kwa njia panda walifika, wakaeleza kwamba ile taa haiwake. Juu ya taa, juji akamuachilia. Juu ya asiranse, akamuhukumu: amande na gharama za kesi. Mwenzetu akalipa, akapewa karatasi ya malipo. Alituonyesha ile karatasi kama mutu anayeonyesha diplome. Ni miaka saba anaendesha, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulipa kosa ya barabara na kujua feza imefika kwa Leta.

Sasa tufanye hesabu bila kudanganyana. Matabishi ilikuwa 20 000. Siku tisa bila kazi, kwa mutu anayepashwa kupeleka 15 000 kila siku kwa mwenye pikipiki, ni 135 000, bila kuhesabu chakula cha nyumba. Ongeza safari za kwenda kwa parke, nakala, amande. Sisi tulichanga, lakini tulichanga kidogo, juu sisi pia ni vijana bila kazi. Muke wake alituuliza swali moja ambalo halijatutoka: "Hiyo haki yenu, watoto wataila?"

Mama, swali yako ni ya kweli, na tunaandika hii tangazo juu ya kuijibu.

Tukiangalia vizuri, tunaona kwamba kitu kinachotufanya tulipe kwa barabara si amande. Amande ya sheria mara nyingi mutu angeweza kuibeba. Kinachotuvunja ni pikipiki kukaa ndani. Kifungulo kikikamatwa, kila saa inayopita ni feza inayopotea, na polisi anajua hivyo kuliko sisi. Hana lazima ya kuthibitisha kosa mbele ya mutu yeyote. Anangojea tu njaa yako ifanye kazi. Ndiyo sababu mutu asiye na kosa analipa sawasawa na mwenye kosa, tena analipa haraka.

Na sheria ya inchi yetu inasema nini? Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka wa 2006 iko wazi. Article 17 inasema kila mutu anayeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mupaka hukumu ya mwisho ionyeshe kosa lake. Article 19 inampa kila mutu haki ya kesi yake kusikilizwa na juji kwa wakati unaofaa, na haki ya kujitetea mwenyewe ao kwa musaada wa mutetezi aliyemuchagua. Article 21 inasema hukumu inaandikwa, inaelezwa sababu zake, inasomwa mbele ya watu wote, na haki ya kukata rufaa ni ya kila mutu. Hakuna article inayosema kwamba hiyo yote ni kwa wenye motokari kubwa, na kwamba motari anaamuliwa kando ya barabara.

Makosa ya barabara yenyewe yanaongozwa na sheria namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka wa 1978. Ni sheria, kwa hiyo iko na article, na kila kosa lazima liwe na article yake. Polisi anayesema "makosa yako ni tatu" bila kutaja hata moja hajakushitaki bado.

Tunapashwa pia kuelewa ile amande ambayo OPJ anakupa kwa biro. Kwa Kifaransa wanaiita transactionnelle, maana yake ni mapatano. OPJ anakupendekezea ulipe kiasi fulani kwa kisanduku cha Leta ili mambo yaishe bila kwenda mbele ya juji. Kama umefanya kosa, na kiasi ni cha sheria, na unapewa karatasi ya malipo, kukubali si vibaya. Wakati mwingine njo njia ya akili. Lakini ni pendekezo, si hukumu. OPJ si juji. Uko na haki ya kusema hapana, na hapo dosie inapashwa kwenda kwa parke, na kisha, kama parke inaona inafaa, kwa Tribinali ya Amani, ile inayoamua makosa ambayo azabu yake ya kifungo haipiti miaka mitano.

Tunajua mutu atatuambia: "Nyinyi vijana munawatetea wavunja sheria. Angalieni wamotari wanavyoendesha." Tunakubali kwamba wengi wetu tunaendesha vibaya. Tunapakia watu watatu, tunapita upande wa kushoto, tunaendesha bila permi. Asiranse ni lazima katika inchi hii tangu sheria ya tarehe 5 mwezi wa 1 mwaka wa 1973, na haikuwekwa juu ya kumusumbua dereva. Iliwekwa ili siku ukigonga mutoto wa mutu, familia yake isibaki na jeneza na deni ya hospitali. Mwenzetu alikuwa na kosa hapo, alihukumiwa, na sisi tunasema juji alifanya vizuri.

Lakini jiulize: matabishi inamulinda nani? Kamio isiyo na breki inatoa noti, inapita, inaenda kuua watu kwenye muteremuko. Dereva mulevi anatoa noti, anapita. Mwenye karatasi zote sawa naye anatoa noti, kwa sababu ana haraka. Kama wote wanalipa sawasawa, nani atasumbuka kununua asiranse ao kutengeneza breki? PV na juji vingemuogopesha mwenye breki mbovu. Noti ya 5 000 haimuogopeshi.

Mwingine atasema: "Polisi pia anateseka, mushahara ni kidogo." Ni kweli, na hatumuchukii. Polisi ni mutoto wa inchi hii, anasimama ndani ya jua na vumbi, nyumba yake iko na njaa kama zetu. Tena mara nyingi ile noti haibaki kwake yote. Watafiti waliochunguza kwa ndani polisi wa barabara wa Kinshasa, na ambao kazi yao ilitoka mwaka wa 2024 katika jarida la wanauchumi American Economic Review, walionyesha kwamba mapato ya kweli ya ile idara yalikuwa karibu mara tano ya kile kilichotoka kwa amande. Sehemu kubwa ilitoka kwa mupango wa pamoja kati ya polisi wa barabara, wakubwa wao na ma-OPJ. Wakubwa walikuwa wanamupangia polisi hesabu ya madereva wa kuleta kwa biro kila siku. Soma tena: hesabu ya madereva, si hesabu ya makosa. Mutu aliyewekewa hesabu kama hiyo atatafuta kosa hata kwa taa iliyozimika. Kwa hiyo tukimupigia kelele polisi wa njia panda peke yake, tunaacha wenye mupango wakae kwa amani ndani ya biro.

Na wa tatu atasema: "Kwa tribinali pia wanakula." Hatutakataa, watu wetu wameona mengi kule. Lakini kuna tofauti. Kwa tribinali milango iko wazi, mama wa ndizi anaweza kuingia, kukaa, kusikiliza na kusema. Kwa tribinali hukumu inaandikwa, na ikiwa si ya haki unaweza kukata rufaa. Kando ya barabara hakuna anayeandika, na hakuna rufaa.

Kwa hiyo, ndugu, hizi ndizo shauri zetu kwa kila mwendeshaji, motari ao mwenye taksi:

1. Weka karatasi zako sawa. Permi, asiranse, karatasi ya pikipiki. Mutu mwenye karatasi anaongea bila kutetemeka.

2. Usimutukane polisi, usikimbie, usipigane. Muite "shefu", ongea polepole. Matusi yanaweza kuleta shitaka lingine, na hapo utakuwa umemusaidia.

3. Uliza jina lake na namba yake, kosa ni gani na article ni gani. Omba PV.

4. Soma PV mbele ya kutia sinyatire. Kama haujui Kifaransa, omba wakusomee kwa Kiswahili. Kama hukubali kitu fulani, sema kiandikwe ndani. Andika kando yako saa, mahali, hali ya taa ao ya barabara, na majina ya watu waliokuwapo.

5. Usitoe feza mukono kwa mukono. Sheria ya tarehe 29 mwezi wa 3 mwaka wa 2005 juu ya rushwa inamupiga anayepokea na anayetoa pia. Amande inalipwa kwa kisanduku cha Leta, na unarudi na karatasi.

6. Kama unakataa amande ya mapatano, andika barua fupi, nakala mbili, omba muhuri. Kisha fwata dosie yako kwa parke. Dosie isiyofwatwa inalala.

7. Tarehe ya tribinali ikifika, enda. Usipoenda, juji anaweza kukuhukumu bila kukusikia. Ukishindwa, uko na siku 10 tu za kukata rufaa, na rufaa ya Tribinali ya Amani inaenda kwa Tribinali Kubwa. Usingojee siku ya tisa.

8. Kama wanakuweka ndani, kumbuka article 18 ya Katiba: wanapashwa kukuambia sababu kwa luga unayoelewa, na kukaa kwa mikono ya polisi hakuwezi kupita saa 48 bila kupelekwa mbele ya wakubwa wa sheria.

9. Kama hauna feza ya avoka, uliza kwa baro biro ya mashauri ya bure. Ile biro iko kwa ajili yako.

Lakini shauri hazitoshi. Mutu mumoja hawezi kubeba siku tisa za njaa ili inchi ijifunze sheria. Ndiyo sababu tunaomba wakubwa mambo haya:

Kwa polisi: pikipiki ya mutu ambaye jina na anwani yake vinajulikana isikamatwe kama rehani ya amande. PV iandikwe palepale, nakala moja ibaki kwa mwendeshaji. Kama chombo ni hatari kwa watu, breki hazipo ao dereva amelewa, hapo kizuiwe, na sababu iandikwe. Hesabu ya madereva wa kuleta kila siku, kama iko kwa muji wowote, ikome.

Kwa prokirere: biro za ma-OPJ wa barabara zitembelewe bila kutangaza, na nyuma ya kila pikipiki iliyolala pale, PV yake ionekane. Pikipiki isiyo na PV irudishwe siku hiyohiyo.

Kwa waamuzi: iwekwe siku moja kila wiki kwa ajili ya makosa ya barabara peke yake, asubuhi mapema, ili mutu asipoteze wiki sita kwa jambo la dakika kumi. Na katika teritware ambazo mupaka leo hazina Tribinali ya Amani inayofanya kazi, Leta iitume. Haki ambayo iko kilometa mia kutoka kwako haikusaidii.

Kwa meya na wakubwa wa jimbo: orodha ya makosa na amande zake ibandikwe kwa Kiswahili kwa kila paking na kila kituo. Na taa za njia panda zitengenezwe. Huwezi kumuazibu mutu juu ya taa ambayo wewe mwenyewe umeacha ife.

Kwa serikali ya Kinshasa: mumulipe polisi mushahara unaomutosha, kwa wakati. Kila mwezi munaochelewa, sisi njo tunaomulipa, kwa njia panda, bila karatasi.

Na sisi wenyewe, tunajipa kazi. Wenzetu wanaosoma sheria watasaidia kuandika barua. Wawili wetu watamusindikiza kila mwendeshaji anayeomba PV na kukataa kulipa kwa siri, kwa kituo, kwa parke na kwa tribinali. Tumeanza kisanduku kidogo cha kusaidia nyumba ya mutu ambaye pikipiki yake imekamatwa bila haki. Ni kidogo kweli. Kama kila motari wa paking angeweka 500 kwa wiki, kingetosha kulisha nyumba moja kwa siku tisa, na ile njaa ambayo polisi anaingojea isingefika.

Hilo ndilo jibu tunalo kwa sasa kwa yule mama. Haki peke yake watoto hawataila. Lakini matabishi inakula chakula chao kila siku, kidogo kidogo, na hakuna mutu anayeihesabu. Yeye mwenyewe, wiki iliyopita, alikuja kuweka 500 kwa kisanduku. Hakusema kitu. Tuliandika jina lake kwa kitabu na tukamupa karatasi ya malipo.

Paking yako ikitaka kuanza kisanduku chake, tuite. Tutakuja na kitabu na kalamu.